Mweleka na Kinga: Habari za Kushika na Kutupa katika Michezo ya Mapigano ya Video

Kiswahili si maskini wa maneno ya kumwangusha mtu. Kumkwida mtu ni kumshika kwa nguvu nguo yake ya kifuani. Kumkaba ni kumbana koo. Kumpiga ngwala ni kumtega mguu apate kuanguka. Kumbwaga ni kumtupa chini kama mzigo usiotakiwa. Na kumpiga mweleka ni kumwangusha baada ya kushikana naye mwili kwa mwili. Maneno haya ni ya zamani kuliko mashine yo yote ya umeme, walakini hayana budi kuitwa kazini tena, kwa sababu umetokea uwanja mpya ambao ndani yake tendo la kushika na kutupa lina historia yake, ugomvi wake na hata sheria zake. Uwanja huo ni mchezo wa mapigano wa video. Katika maelezo haya neno mweleka latumika kwa tendo zima la kumkamata mpinzani na kumtupa, mshiko kwa mwanzo wa tendo hilo, na kujinasua kwa kutoka katika mshiko kabla ya kutupwa.

Mchezo wa namna hii huwakutanisha watu wawili mbele ya kioo kimoja. Kila mmoja humwongoza mpiganaji wake kwa mpini na vitufe, na kila mpiganaji ana kiasi cha uhai kinachoonyeshwa kwa mstari juu ya kioo. Mstari ukiisha, ameshindwa. Silaha ya kwanza ni pigo, la mkono au la mguu. Ya pili ni kinga, na hapo ndipo ilipo asili ya habari yote. Kinga ni rahisi mno. Katika michezo mingi ya Kijapani mchezaji huuvuta mpini upande wa nyuma tu, na mapigo humgonga mikononi bila kumdhuru, au kwa kumdhuru kidogo sana. Basi na afikiriwe mtu aliyetangulia kumpunguzia mwenzake uhai, kisha akaamua kukaa nyuma ya kinga mpaka saa imalizike. Kama hakuna kitu cha kumtoa huko, ameshinda, na mchezo umekufa. Mweleka ndio kitu hicho. Mikono iliyoinuliwa kuzuia ngumi haiwezi kuizuia mikono inayokuja kukwida.

Ni kweli kwamba kinga yenyewe ina matundu yake. Teke la kuchota miguu lataka kuzuiliwa kwa kuchutama, na pigo la mtu anayeruka lataka kuzuiliwa kwa kusimama. Lakini mwenye macho makali hujifunza upesi kubadili kimo chake, na akishajifunza, matundu hayo huzibika. Mweleka, katika michezo ya kampuni ya Capcom, haujali kimo. Aliyesimama hutupwa, na aliyechutama hutupwa.

Walakini itakuwa kosa kudhani kwamba mweleka ulibuniwa kwa hesabu hiyo. Uliingia kwanza kama pambo. Kampuni ya Technos Japan ilikuwa imekwisha kutengeneza mchezo wa mieleka kwa mashine za sarafu mwaka 1983. Baadaye Yoshihisa Kishimoto, aliyekuwa mtumishi wa kampuni hiyo hiyo, alitoa mchezo wa Double Dragon mwaka 1987, ambao shujaa wake huweza kumshika adui nywele, kumpiga goti, na kumtupa juu ya bega. Mwaka 1989 Capcom ikatoa Final Fight. Humo yumo Mike Haggar, meya wa mji na mpiga mieleka wa zamani, ambaye akimwendea adui karibu humkamata, akaruka naye juu, akazunguka naye hewani na kumshindilia kichwa chini. Katika michezo hii yote adui ni mashine. Mashine haijikingi sana, tena haina kinywa cha kulalamika.

Mapambo haya hayakutoka hewani. Nchi ya Japani ilikuwa na urithi wa aina mbili katika jambo hili. Wa kwanza ni judo, iliyoanzishwa na Kano Jigoro alipofungua Kodokan mwaka 1882. Mafundisho ya judo hugawa mbinu katika mafungu matatu: nage-waza, yaani mbinu za kutupa; katame-waza, mbinu za kubana; na atemi-waza, mbinu za kupiga. Mjapani aliyekua akisikia mgawanyo huo hakuhitaji kuambiwa kwamba pigo na mweleka ni vitu viwili vya jinsi mbalimbali. Urithi wa pili ni mieleka ya maonyesho, iliyowavuta watu wengi mbele ya televisheni tangu Rikidozan alipopambana na ndugu wawili Sharpe mwaka 1954. Judo ilileta mgawanyo wa mbinu. Mieleka ya maonyesho ilileta majitu, makelele, na zile tupa ambazo mtu hawezi kuzifanya mitaani bila kuua.

Urithi wote huo ulikutana katika Street Fighter II, mchezo uliotolewa na Capcom mwaka 1991 kwa mikono ya Akira Nishitani na Akira Yasuda, waliokuwa pia katika kazi ya Final Fight. Wapiganaji wa kuchaguliwa walikuwa wanane, na kila mmoja alipewa mweleka wake au mshiko wake. Ryu hutupa kwa bega na kwa kulala chali, kama wafanyavyo watu wa judo. Honda, mtu wa sumo, humkumbatia mpinzani mpaka mbavu zilie. Blanka humng'ata kichwa. Na juu ya wote yuko Zangief, jitu la Urusi, aliyerithi ule mzunguko wa Haggar. Jina lake husemwa aghalabu kwamba limetokana na Victor Zangiev, mpiga mieleka wa Kisovyeti aliyekuja kupigana Japani mwaka 1989. Ili kumpiga mtu mweleka huo mkubwa, mchezaji wa Zangief huuzungusha mpini duara zima kisha hubonyeza kitufe cha ngumi. Shida ni kwamba duara lapita upande wa juu, na upande wa juu ndio amri ya kuruka. Asiye mwepesi wa mkono hujikuta angani, amemwacha adui wake chini akimngoja. Wastadi walijifunza kuuzungusha mpini wakati Zangief anapotua, au anapokuwa bado katikati ya tendo jingine, ili mguu usipate nafasi ya kunyanyuka.

Mieleka ya kawaida ya mchezo huo ilikuwa rahisi zaidi, na urahisi huo ndio ulioleta ugomvi. Mtu alikaribia, akausukuma mpini mbele au nyuma, akabonyeza kitufe cha nguvu ya kati au kikubwa. Kama mpinzani yuko karibu vya kutosha, ameshikwa papo hapo. Pigo huhitaji kitambo kidogo cha mkono kunyoshwa. Mweleka wa mwaka 1991 haukuhitaji. Kama mpinzani hayuko karibu, basi kitufe kile kile hutoa ngumi au teke la kawaida. Jambo hili la mwisho lataka kuangaliwa sana, ijapokuwa watu wengi hulipita. Maana yake ni kwamba mwenye kujaribu mweleka hakuwa na hasara kubwa. Akifaulu, ametupa, akikosa, amepiga ngumi. Naye aliyeshikwa hakuwa na dawa yo yote, kwani mshiko ukishapata, umepata.

Wachezaji walitambua upesi faida ya mpango huo. Mtu hupiga pigo jepesi sana, si kwa nia ya kuumiza, bali apate kuzuiliwa. Mwenye kuzuia hutikiswa na pigo lile kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho sheria ya mchezo hairuhusu ashikwe. Lakini mara kitambo kikiisha yu mtu wa kushikwa, na mshambulizi ajua barabara kitaisha lini, kwa sababu pigo ni lake. Ndipo humkamata. Wajapani waliiita mbinu hiyo ate-nage, yaani piga-tupa, jina lililo wazi kabisa. Aliyezuia alikuwa na njia chache: kumtangulia mwenzake kwa mweleka wake mwenyewe, au kutoa ngumi ya kupaa kama ile ya Ryu, ambayo mwanzo wake haushikiki. Njia hizo zote zataka kitufe kibonyezwe kwa wakati ule ule hasa. Michezo hii huenda kwa picha 60 kila sekunde, na nafasi ya kuokoka ilihesabiwa kwa picha moja moja. Akikawia, ametupwa. Akiwahi mno, hakuna kitu.

Hapo tena hayakuwa mapambo. Mashine hizi zilikuwa katika majumba ya michezo, na desturi ya majumba hayo ilikuwa kwamba aliyeshinda hubaki akicheza na aliyeshindwa huondoka au hutia sarafu nyingine. Mtu aliyetupwa mara tano mfululizo nyuma ya kinga yake hakupoteza mstari juu ya kioo tu, alipoteza pesa na zamu mbele ya macho ya watu. Wamarekani walilaumu kwa neno la sokoni, wakisema kwamba mweleka wa namna hiyo ni kitu cha bei rahisi. Wajapani walitumia neno hame, lenye maana ya kumtia mtu kwenye mtego asioweza kutoka, na katika baadhi ya majumba yao hame ilipigwa marufuku. Mtu aliyezoea mieleka ya ufukoni, ambako kutupa ndio mchezo wenyewe, angeshangaa kusikia kwamba kutupa ni uchoyo. Lakini wachezaji wale walikuwa wamekuja kwa ngumi.

Mtetezi mashuhuri wa mweleka alikuwa David Sirlin, Mmarekani mshindani wa mchezo huu na baadaye mtengenezaji wa michezo. Katika kitabu chake Playing to Win alishikilia kwamba mchezo una sheria zake mwenyewe na wala si zaidi, na kwamba anayejitungia sheria nyingine za heshima kisha akataka wenzake wazifuate amejifunga mikono mwenyewe. Mweleka ulikuwa mfano wake mmojawapo. Hoja hii ina nguvu, na katika mashindano ndiyo iliyoshinda: anayetaka taji hawezi kumwomba adui asimshike. Lakini si haki kuwafanya walalamikaji wote kuwa wapumbavu. Walichosema vibaya ni kwamba mweleka ni mwovu. Walichohisi, bila kuweza kukitaja, ni kwamba sheria ya mwaka 1991 ilikuwa imeegemea upande mmoja: mwenye kutupa hakujihatarisha, na mwenye kutupwa hakuwa na la kufanya. Ushahidi wa jambo hili hautoki kwa walalamikaji wala kwa Sirlin. Watoka kwa watengenezaji wenyewe, ambao kwa miaka 30 na zaidi iliyofuata wameirekebisha sheria hiyo pande zote mbili.

Upande wa mwenye kutupwa ndio uliorekebishwa kwanza. Katika Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, aliyetupwa akitoa amri ya mweleka upesi aliweza kutua kwa miguu na kupunguza maumivu. Wajapani waliita jambo hili ukemi, neno la judo lenye maana ya namna ya kuanguka bila kuumia. Lilikuwa ni nafuu, si wokovu, kwa kuwa uhai ulipungua vile vile.

Wakati huo mashindano yalikuwa yametoka upande mwingine. Mwaka 1993 Sega ilitoa Virtua Fighter, kazi ya Yu Suzuki, ambayo wapiganaji wake walikuwa na miili yenye kimo, upana na kina. Kinga ilipewa kitufe chake pekee, na mweleka ulitolewa kwa kubonyeza kinga na ngumi pamoja. Humo mtu aliyechutama huweza kupitwa na mikono juu ya kichwa chake, basi kuchutama kukawa jibu la mweleka. Na kwa kuwa aliyechutama hupatwa na mapigo mengine, mshambulizi naye akawa na jibu la jibu. Katika Virtua Fighter 4 ya mwaka 2001 anayetaka kujinasua lazima atambue mpini wa mwenzake ulimalizia upande gani katika amri ya mweleka, naye auelekeze wake huko huko. Kwa maneno mengine, lazima aijue mieleka yote ya adui kabla ya kukutana naye.

Kampuni ya Namco ilifuata njia iliyo bora zaidi kwa mtazamaji. Mchezo wake wa Tekken, ulioanza mwaka 1994, una vitufe vinne kwa viungo vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mweleka ukija, mwenye kushikwa huangalia mkono uliotangulia. Ukiwa wa kushoto, hubonyeza mkono wa kushoto. Ukiwa wa kulia, wa kulia. Ikitangulia mikono yote miwili, hubonyeza yote miwili. Sheria yaonekana ya kitoto mpaka mtu atazame muda wake. Katika Tekken 6 ya mwaka 2007 nafasi ya kujinasua ilikuwa picha 14, yaani chini ya robo ya sekunde. Katika Tekken 7 iliongezwa ikawa picha 20. Wastadi hawaangalii uso wa adui wala miguu yake. Huangalia mabega, ambako mkono huanza kuonekana. King, mpiga mieleka avaaye uso wa chui, huifanya kazi hii kuwa ngumu maradufu, kwa sababu mieleka yake huungana mmoja na mwingine kama pete za mnyororo, na kila pete ina namna yake ya kufunguliwa. Aghalabu husemwa kwamba King amefanyizwa kwa mfano wa Fray Tormenta, kasisi wa Mexico aliyepiga mieleka ili kulisha yatima.

Dead or Alive ya kampuni ya Tecmo, iliyoongozwa na Tomonobu Itagaki na kutolewa mwaka 1996, iliyasema hadharani yale ambayo wengine waliyaficha. Humo pigo hushinda mweleka, mweleka humshinda mtu anayengoja kudaka pigo, na mdakaji hushinda pigo. Ni mchezo wa watoto wa Japani wa jiwe, karatasi na mkasi, umevikwa nguo za vita. Ubaya wake ni kwamba kinachoonekana wazi mno huchosha upesi zaidi.

Upande wa pili wa marekebisho, yaani kumtia hatarini mwenye kutupa, ulikamilika kwa Capcom yenyewe. Katika Street Fighter III: 3rd Strike ya mwaka 1999 mweleka ulipewa amri yake peke yake, ngumi nyepesi na teke jepesi kwa pamoja, na anayekosa hakupewa tena ngumi ya bure. Mikono yake hukamata hewa mbele ya watu wote, na katika kitambo hicho mwenzake humpiga apendavyo. Naye anayeshikwa akitoa amri ile ile kwa wakati wake hujinasua bila kupoteza kitu. Mizani ikasimama. Wachezaji nao hawakukaa kimya, wakagundua kwamba mapigo mengine humsogeza mpiganaji mbele kidogo kabla ya kuanza, na kwamba pigo likikatizwa hapo kwa amri ya mweleka, mkono hufika mbali kuliko ulivyokusudiwa. Mbinu hii ilipewa neno kara, lenye maana ya kitu kitupu, kwani pigo lililotangulia ni tupu. Ni kara ile ile iliyomo ndani ya neno karate, mkono mtupu.

Street Fighter IV ya mwaka 2008 ilifungua mlango usiotarajiwa. Mchezaji aliyechutama akabonyeza vitufe vya mweleka alipata faida mbili kwa amri moja: akishikwa, amejinasua, asiposhikwa, hutoka teke jepesi la chini. Anayejilinda akawa na ile faida ya kutopoteza aliyokuwa nayo mshambulizi wa mwaka 1991. Dhuluma ilikuwa imegeuka upande tu. Katika Street Fighter V ya mwaka 2016 mlango huo ulifungwa, maana vitufe hivyo vikibonyezwa kwa kuchutama hutoa mweleka, na mweleka ukikosa una adhabu yake.

Kampuni ya Nintendo ilikuwa na mashaka ya namna nyingine. Katika Super Smash Bros. ya mwaka 1999, kazi ya Masahiro Sakurai, kinga ni mpira wa nuru unaomzunguka mpiganaji, na mshiko hupenya humo. Katika mchezo uliofuata, wa mwaka 2001, jozi ya wapanda milima hucheza pamoja, na ikagunduliwa kwamba mmoja akimshika adui, mwenziwe aweza kumpiga kwa mwendo mmoja usiobadilika na adui asijinasue kamwe. Waandaaji wa mashindano walibishana kwa miaka mingi kama jambo hilo liruhusiwe, na mnamo mwaka 2019 mashindano mengi yakalikataza. Hapo hoja ya Sirlin ilifika ukingoni mwake, kwani hata watu wa mashindano, wasiojali heshima za majumba ya michezo, walikataa mshiko usio na jibu.

Katika Street Fighter 6, iliyotolewa Juni mwaka 2023, mshiko huhitaji picha 5 kabla ya kupata, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, na ngumi nyepesi ya wapiganaji wengi huhitaji picha 4. Tofauti ya picha moja yatosha kumfanya mwenye kupiga amtangulie mwenye kukwida wakianza pamoja. Mchezo huu una pia kinga ya pili, yenye nguvu kuliko ya kawaida, ambayo huzuia mapigo ya juu na ya chini bila kubadili kimo. Nayo ikivunjwa kwa mweleka, maumivu huzidi. Lakini wachezaji waliona mara kwamba baadhi ya wapiganaji, wakimtupa mtu pembeni mwa uwanja, hubaki karibu naye kiasi cha kuweza kumtishia mweleka wa pili anapoinuka, na wa tatu baada ya huo. Aliye pembeni yampasa achague kati ya kujinasua na kujikinga. Akijaribu kujinasua, mwenzake hungoja kidogo kisha humpiga pigo zito wakati mikono yake iko hewani; akijikinga, hutupwa tena. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa karibu yale yale ya mwaka 1991, yakisemwa mara nyingi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka huo.